Ukihamia Nyumba Ndogo, Vyombo vya Karakana Vitakwenda Wapi?

Wakulima wengi wa skimu zetu wamefika wakati wa kugawanya mashamba. Mpango wa Ekari Milioni ulianza mwaka 1962, na familia 35,000 hivi zikapata mashamba katika nchi iliyokuwa ya masetla. Waliokuwa watoto siku zile, wakifuata ng'ombe nyuma ya baba zao, leo ni wazee wenye wajukuu. Shamba lililokuwa la mtu mmoja sasa ni la wana watatu au wanne, na mzee mwenyewe pamoja na mama hujengewa nyumba ndogo, pengine karibu na barabara ili wasiende mbali kutafuta zahanati. Habari za kupima ardhi na kwenda mbele ya bodi ya ardhi mnazijua. Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo watu hulisahau mpaka siku ya kuhama yenyewe, yaani vile vyombo vikubwa vilivyomo karakanani.

Sisemi juu ya jembe na panga. Nasema juu ya meza ya msumeno wa mviringo, mashine ya kukereza vyuma, fuawe, keekee kubwa ya kusimama, mashine ya kuchomelea, na ile injini ya dizeli iliyokuwa ikiviendesha kabla ya umeme kufika. Vingine vilinunuliwa katika minada ya mashamba makubwa, vingine kwa pesa za maziwa na pareto. Vimetengeneza mikokoteni ya punda, malango, madawati ya shule na plau za majirani. Ni vizito, vinakula nafasi, na mwenyewe anavipenda. Kwa sababu hizo tatu, watu huahirisha shauri lake.

Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, na kabla ya hapo nilisomea ualimu, si fundi. Lakini baba yangu alikuwa fundi, na kosa hili niliona likifanyika nyumbani kwetu. Tulipohama kutoka nyumba kubwa, mashine yake ya kukereza ilitolewa nje ikafunikwa kwa mabati mawili, ikae hapo mpaka tutakapoamua. Ikakaa misimu miwili ya mvua. Mtoto mmoja wa jamaa akayachukua yale magurudumu yenye meno yanayobadilishwa ili kukata nyuzi za skrubu, akayauza kwa kilo kwa mtu aliyepita na mkokoteni. Baadaye akaja mnunuzi wa kweli, fundi kutoka mjini, na pesa mfukoni. Akafunua mabati, akatazama, akatafuta yale magurudumu, akasema kwa adabu, "Mzee, hii sasa ni chuma tu." Baba hakujibu neno. Alirudisha mabati mahali pake akaingia ndani.

Basi neno langu la kwanza ni hili: amua ungali na nguvu, na uamue kabla ya kuhama. Kila chombo kiwe kimekwisha kupata mahali pake siku ile lori linapokuja. Chombo kisichokuwa na mahali huishia chini ya mti, na chini ya mti chuma huliwa na kutu na ubao huliwa na mchwa.

Utaanzaje? Nitawaeleza tulivyofanya mwaka jana na mzee mmoja wa skimu yetu huku Nyandarua. Baba yake alipata shamba miaka ya 1960, naye akalirithi, na sasa amewagawia wanawe. Yeye na mama walikuwa wanahamia nyumba ya vyumba viwili karibu na soko. Karakana yake ya mbao ilianguka katika sehemu ya kitindamimba, ambaye alitaka kuibomoa ajenge zizi la ng'ombe wa maziwa. Mzee aliniita nije niandike orodha, maana mwandiko wake umekuwa wa kutetemeka.

Nilimwomba tusianze na bei wala na nani atapewa. Kwa kila chombo nilimwuliza, "Mara ya mwisho ulikitumia lini, na kwa kazi gani?" Swali hili ni dogo lakini lina nguvu. Mashine ya kukereza ilikuwa haijazunguka kwa miaka sita. Meza ya msumeno ilitumika kila mwezi, lakini si na yeye, bali na mwanawe wa pili. Mashine ya kuchomelea ilikuwa ikiazimwa kila wiki na binti yake, ambaye alisomea kazi hiyo katika chuo cha ufundi na ana kibanda chake sokoni. Jiliwa, ambayo mafundi wengi huiita vaisi, aliitumia mwenyewe jana yake kunoa panga. Tulipomaliza kuandika, akaitazama karatasi kwa muda, akasema, "Kumbe mwalimu, vingi vya hapa nilikwisha kuviacha. Nilikuwa navilinda tu."

Baada ya kazi, pima nafasi. Hapa watu wengi hudanganyika, maana hupima mashine na kusahau kazi ya mashine. Meza ya msumeno yenyewe pengine ni futi 3 kwa futi 4, na mtu husema itaingia katika chumba cha futi 10. Itaingia, ndiyo, lakini haitafanya kazi. Ubao wa futi 12 unataka futi 12 kabla ya kufika kwenye meno na futi 12 nyingine ukiisha kupita, jumla futi 24, na bado hujamhesabu mtu anayesukuma. Mashine ya kukereza ni afadhali kidogo, kwa sababu kazi yake hukaa juu yake yenyewe, lakini fundi anahitaji futi 3 za kusimama mbele yake, na upande wa kichwa uachwe wazi ili chuma kirefu kipite. Fuawe juu ya gogo lake haitaki zaidi ya futi 2 kila upande, lakini inataka nafasi ya kupunga nyundo, na majirani wasiolala mchana. Jiliwa ya mguu ndiyo mpole kuliko vyote. Chimbia nguzo ngumu nje, chini ya ukingo wa paa, uifunge hapo, nayo haitachukua hata inchi moja ya nyumba.

Chukua kamba, nenda kwenye nyumba mpya kabla haijakwisha, uchore chini kwa chokaa mahali pa kila chombo unachotaka kubaki nacho pamoja na nafasi ya kazi yake. Mzee wetu alichora mashine ya kukereza, akaona chokaa imepita katikati ya mahali pa kitanda. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema kitu, aliangalia tu.

Jambo la tatu ni umeme. Mota nyingi za karakana ni za fezi tatu, yaani umeme wa volti 415, na nyumba ndogo nyingi zimeungwa kwa fezi moja ya volti 240. Huwezi kuchukua mota ya fezi tatu ukaifunga kwenye waya za nyumba ukitumaini itazunguka. Itanguruma, ipate moto, iungue. Ziko njia mbili. Ya kwanza ni kubadilisha mota, uweke ya fezi moja yenye nguvu na mwendo ule ule, na mhimili wa unene ule ule ili puli ya zamani iingie. Ya pili ni kununua kifaa cha kugeuza umeme. Zote mbili ni gharama, nazo zina mpaka. Nguvu moja ya farasi ni wati 746, basi mota ya nguvu 3 ni wati 2,238, na wakati wa kuanza hunywa umeme mara kadhaa kuliko inapokwisha kushika mwendo. Nyumba yenye waya nyembamba za taa haitavumilia. Mwite fundi wa umeme mwenye leseni atazame kibao cha chuma kilichogongomelewa kwenye mota. Kila kitu kimeandikwa hapo. Na ikiwa nyumba mpya ni ya kupanga, muulize mwenye nyumba kwanza.

Kwa maswali hayo matatu, kazi na nafasi na umeme, orodha ya mzee ilijigawa yenyewe. Alivyobaki navyo ni hivi: jiliwa, keekee ya mkono, misumeno miwili, randa tatu, nyundo, tupa zake zote, na jiwe la kunolea. Vyote viliingia katika sanduku moja kubwa na nguzo moja. Sikuona kama amepoteza ufundi wake. Mzee wa miaka themanini anayenoa panga za mtaa mzima kwenye nguzo moja ana kazi ya kutosha.

Sasa tuje kwa watoto, maana ndipo penye moto.

Meza ya msumeno waliitaka wana wawili. Wa kwanza alisema ni haki ya mkubwa. Wa pili alisema yeye ndiye anayeijua, na ni kweli anaijua. Vidole vyake vyote kumi viko. Mzee alitaka kuwapa wote wawili, wawe nayo kwa zamu. Nilimwambia, kwa heshima, kwamba chombo cha wawili wasioelewana hunolewa na hakuna. Nimeona mashine ya kusaga ya ndugu watatu ambayo kila mmoja alingoja mwenzake anunue mkanda, mpaka panya wakazaa ndani yake. Mwishowe walikaa na wazee wawili wa jirani, wakakubaliana kwamba meza ya msumeno ni ya mwana wa pili, naye amtolee mkubwa wake mtamba mmoja na kumpasulia mbao za nyumba bila malipo. Iliandikwa karatasi mbili, wakatia sahihi, na wazee wakatia zao. Mashine ya kuchomelea akapewa binti. Palikuwa na manung'uniko kidogo juu ya jambo hilo, na sitasema yalitoka kwa nani, lakini mzee alikata shauri: chombo kimfuate anayekitumia. Mimi naona alihukumu vema.

Andikeni pia jambo hili moja ambalo limewaletea watu kesi: mashine iliyofungwa kwa bolti katika sementi, je, inakwenda na kiwanja au na mwenyewe? Usiseme inajulikana. Mwana aliyepewa kipande chenye karakana anaweza kusema kwa haki kabisa kwamba kilichofungwa katika sakafu ni cha sakafu. Neno moja katika karatasi ya mgawanyo linatosha kuzuia ugomvi.

Vile visivyotakiwa na watoto, viuzwe. Lakini viuzwe kama vyombo, visiuzwe kama vyuma. Tofauti ni kubwa sana. Mnunuzi wa vyuma chakavu hulipa kwa kilo, na kwake mashine nzima inayofanya kazi na mashine iliyovunjika ni uzito ule ule. Fundi hulipa kwa kazi ambayo mashine itamfanyia. Basi mtafute fundi: wa jua kali katika soko lenu, gereji za mjini, mafundi wa kutengeneza plau. Siku ya mnunuzi kuja, mashine iwe safi, imetiwa mafuta, na iweze kuzungushwa mbele yake. Afadhali uiuze kabla ya kukata umeme wa karakana ya zamani, maana mashine inayozunguka huondoa maneno mengi.

Fuawe ina siri yake, nami niliifurahia kama hesabu ya darasani. Zile za zamani za Uingereza mara nyingi zimepigwa tarakimu tatu ubavuni. Tarakimu ya kwanza ni kipimo cha ratli 112, ya pili ni robo zake za ratli 28, na ya tatu ni ratli moja moja. Ya mzee ilikuwa na 1, 2, 10. Basi ni 112, na 56, na 10, jumla ratli 178, karibu kilo 81. Watu wawili walikuwa wamemwambia ni kilo 50 na wakampa bei ya kilo 50. Kuijua uzima wake, dondosha gololi ya beringi juu ya uso wake kutoka inchi 10. Ikiruka na kurudi inchi 7 au 8, uso ungali mgumu. Ikianguka tu kama iliyoanguka kwenye ubao, uso umechoka. Gonga pia kwa nyundo ndogo. Mara nyingi fuawe nzima hulia kama kengele, na yenye ufa husema kwa sauti nzito.

Ikiwa chombo kimevunjika kweli na hakitengenezeki, kipeleke kwenye vyuma chakavu bila huzuni, lakini kwa mtu mwenye leseni. Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inamtaka kila mfanyabiashara wa kazi hiyo awe nayo. Mwaka 2022 serikali ilisimamisha biashara hiyo kwa miezi kadhaa kwa sababu ya wizi wa nyaya na nguzo za umeme, basi maofisa wanaiangalia kwa makini. Mwambie akuonyeshe leseni, mzani uwe mbele ya macho yako, na akuandikie stakabadhi. Yule wa mkokoteni asiyetaka kuandika, mwache apite.

Na je, kutoa zawadi? Mashine ya kukereza ya mzee ilikaa miezi mitatu bila mnunuzi mzuri. Ndipo tukafikiria chuo cha ufundi. Vyuo hivi vina historia ndefu katika nchi yetu. Mwaka 1966 Baraza la Wakristo la Kenya lilitoa taarifa juu ya vijana wanaomaliza shule na kukosa kazi, na baada yake vyuo vya ufundi vya vijijini vikaanza kujengwa. Tangu Katiba ya mwaka 2010, vimewekwa chini ya kaunti. Wengine hufikiri kila kitu kinachopelekwa chuoni ni baraka. Si hivyo. Nenda kwanza ukaulize mambo mawili: wana mwalimu wa kazi hiyo, na wana umeme wa mota hiyo? Bila hayo, utakuwa umehamisha kutu yako kwenda uani kwa watu wengine. Wakikubali, mwenye chuo aandike barua ya kupokea, yenye jina la mashine na sehemu zake zote, na nani atalipa lori. Lori ndilo hugombanisha.

Niseme kidogo juu ya kuhamisha, kwa sababu watu huumia. Chuma cha kuyeyushwa, kama mwili wa mashine ya kukereza, ni kigumu lakini hupasuka kikianguka. Mashine hiyo ni nzito juu na zaidi upande wa kichwa, kwa hiyo hupenda kulala. Kabla ya kuifungua kutoka katika sementi, funga kwa bolti mbao mbili nene na pana chini ya miguu yake, iwe na nyayo. Iinue kwa mtaimbo na jeki, kidogo kidogo, ukitia vipande vya mbao chini kila inapopanda. Iviringishe juu ya vipande vya bomba. Kamba ya kuinulia ipite chini ya kitanda chake, isifungwe kwenye mhimili unaozunguka, maana ukipinda umeharibu roho ya mashine. Inapopandishwa loriini juu ya mbao, mtu yeyote asisimame upande wa chini, hata kama ni kijana hodari anayetaka kuonekana. Tulimfukuza mmoja.

Kabla ya hayo yote, piga picha kwa simu kila upande, jinsi mikanda na magurudumu yalivyokaa. Vitu vidogo, yaani magurudumu yenye meno, ufunguo wa taya, vishikio vya visu na bolti za sakafu, vitiwe katika gunia moja zito lenye jina la mashine, na gunia lisafiri katika kiti cha mbele pamoja na mwenyewe. Kama gunia hilo lingalikuwako nyumbani kwetu, yule fundi wa mjini angaliondoka na mashine, na baba angaliondoka na pesa. Nyuso zinazong'aa zipakwe grisi, hata kama safari ni ya maili mbili.

Angalia pia pembe za karakana. Mitungi ya oksijeni mara nyingi ni mali ya kampuni ya gesi, si yako, hata ikiwa umekaa nayo miaka kumi. Warudishie, wala usimwuzie mtu. Mkebe wa kabaidi ya zamani usiuache kwenye unyevu wala kuutupa shimoni, kwa sababu ikipata maji hutoa gesi inayolipuka. Mafuta machafu ya injini yasimwagwe karibu na kisima wala na mto. Na mawe ya kunolea ya mashine yaliyokaa miaka mingi yatazamwe kama yana ufa kabla ya mtu mwingine kuyazungusha.

Mashine ya mzee ilikwenda chuoni mwezi wa Agosti, na gunia lake. Siku chache baadaye mwalimu wa chuo akampigia simu, kwa sababu skrubu kuu ya mashine ile ni ya kipimo cha inchi na vitabu vyao vyote ni vya milimita. Mzee akaenda kwa boda-boda, na miwani yake, akakaa nao mpaka saa kumi jioni. Injini ya dizeli bado haijapata mtu. Imefungwa kwa mbao ndani ya ghala la mwana wa kwanza, imetiwa mafuta, na karatasi ya makubaliano inasema itakaa hapo mpaka mwisho wa mwaka huu, siyo zaidi. Fundi yeyote anayehitaji injini ya pampu ya maji na aje aizungushe.